GPS ya baiskeli kwenye safari ndefu: umeme tunao, unakatikia wapi?

#1 Tanzam_Polepole

Wakuu, habari za majukumu.

Swali linajirudia sana humu: ninunue pawabenki ya ukubwa gani ili GPS inifikishe Mbeya? Majibu nayo ni yale yale: chukua kubwa, chukua mbili, ongeza sola. Matokeo yake mtu anaondoka Dar na kilo nzima ya betri, halafu mashine inamzimikia Ilula huku betri zikiwa bado nusu. Naomba leo tupige hesabu kwanza, kisha tutazame pale umeme unapokatikia, kwa sababu ndipo wengi wanapokwama.

Ulaji wa GPS ya baiskeli ni mdogo. Ukiwasha ramani, ukaweka mwanga wa kioo wa wastani na ukaunganisha kipima mapigo ya moyo, hesabu nusu wati, na nyingi zinakula chini ya hapo. Kwa saa 24 mfululizo ni wati-saa 12. Sasa chukua pawabenki ya kweli ya mAh 10,000. Namba hiyo imepigwa kwa volti 3.7 za seli iliyo ndani, kwa hiyo ujazo wake ni wati-saa 37. Umeme ukipandishwa kufikia volti 5 za USB, sehemu yake inaishia kuwa joto. Sema zimebaki 30. Gawanya kwa nusu wati, unapata saa 60. Brevet (safari ndefu ya baiskeli yenye kikomo cha muda) ya kilomita 600 ina kikomo cha saa 40. Maana yake pawabenki moja ya kuingia mfukoni inatosha GPS kwa brevet nzima na chenji inabaki, na hapo sijagusa betri ya mashine yenyewe.

Kwa nini basi watu wanazimikiwa? Umeme upo ila haufiki mfululizo.

Chanzo cha kwanza ni pawabenki yenyewe. Imetengenezwa kuchaji simu, na ikiona kinachotoka ni kidogo sana, inaamua simu imejaa na inajizima. Nyingi mpaka wao uko kati ya miliampea 50 na 100. Nusu wati kwa volti 5 ni miliampea 100. Umeona hapo? GPS ikishajaa inavuta kile inachotumia tu, yaani inacheza pale pale kwenye mpaka. Wewe unaona waya umechomeka, roho inatulia, kumbe pawabenki imelala tangu Mikumi. Ndiyo maana siachi waya umechomeka muda wote. Naacha GPS ishuke mpaka asilimia 30 au 40, nachomeka, inavuta kwa nguvu, ikifika 90 nachomoa na kufunga kifuniko. Pawabenki nyingine zina hali ya umeme mdogo kwa ajili ya saa na vipokea sauti, mara nyingi unabonyeza kitufe mara mbili. Kama yako inayo, itumie.

Chanzo cha pili ni mtu kuunganisha dainamo au paneli ya sola moja kwa moja kwenye GPS. Dainamo ya habu, yaani iliyo ndani ya kitovu cha gurudumu, kwa kawaida ni ya volti 6, wati 3, na vigeuzi vingi vya kuufanya umeme wake uwe wa USB vinataka mwendo wa kilomita 12 kwa saa au zaidi ndipo vitoe kitu cha maana. Mlima Kitonga ukiwa na mzigo unaupanda kwa kilomita 6 au 7 kwa saa. Baadhi ya mashine, umeme wa nje ukikatika, zinaandika kwenye kioo kwamba zinajizima baada ya sekunde kadhaa usipobonyeza kitu. Uko kwenye kona, lori la mizigo linakoroma nyuma yako, mikono yote miwili iko kwenye usukani. Nani abonyeze? Na sola ni hivyo hivyo, wingu likipita tu umeme umekatika.

Kwa hiyo weka betri katikati. Fikiria tangi la maji la nyumbani: ya bomba yanakuja na kukatika, wewe unachota kwenye tangi. Dainamo, sola na umeme wa gesti vyote viingie kwenye pawabenki, na pawabenki ndiyo inailisha GPS. Ila si kila pawabenki inaweza kupokea na kutoa kwa wakati mmoja, na zipo zinazoweza ila zinakata kwa sekunde moja kila chanzo kinapobadilika. Jaribu nyumbani. Ichomeke ukutani, chomeka GPS kwenye pawabenki, kisha chomoa ukutani huku unatazama kioo. GPS ikishtuka hapo sebuleni, itashtuka na barabarani.

La tatu ni waya na tundu lake. Hilo nitalirudia kwa kirefu chini, maana ndilo linaloua mashine moja kwa moja.

Karibuni kwa mjadala.


#2 KijanaWaBuguruni

Mkuu nakuheshimu ila naona unazungusha. Dar hadi Iringa ni kilomita 500, njia nzima kuna sheli, kuna gesti, mama ntilie kibao wana umeme. Pawabenki mbili za elfu kumi, unalala Morogoro, unalala Mikumi, unachaji ukilala. Dainamo na matangi ya nini?


#3 Tanzam_Polepole

Kwa safari hiyo uko sahihi kabisa na sina ubishi. Mtu anayelala kila usiku penye soketi hahitaji dainamo. Hata kwa kilomita 600 bila kulala, pawabenki ni nyepesi kuliko habu ya dainamo na haina cha kuharibika. Dainamo inaanza kuwa na maana pale ambapo siku zinazidi tatu na hujui utalala wapi, au unapotaka taa ya mbele ya usiku kucha bila kufikiria betri.

Ninachosisitiza ni kwamba hata hizo pawabenki mbili hazikusaidii kama moja imejizima na hujui. Kipande cha barabara kinachokatiza Hifadhi ya Mikumi, kilomita 50 hivi, si mahali pa kusimama kupekua mkoba. Angalia chaji zako Doma, kabla hujaingia.


#4 DadaWaMafinga

Asante kwa uzi huu, umeshiba. Swali: mimi sina GPS ya baiskeli, natumia simu kwenye kishikio cha usukani na ramani za programu ya OsmAnd nilizopakua kabisa. Hesabu yako ya nusu wati inanihusu?


#5 Tanzam_Polepole

Haikuhusu, dada, na ni vizuri umeuliza kabla hujaondoka. Simu yenye kioo kilichowaka juani inakula mara kadhaa zaidi ya GPS, kwa sababu kioo cha simu kinapambana na jua kwa kuongeza mwanga. Vioo vya GPS nyingi za baiskeli vimetengenezwa kuakisi mwanga wa jua, mchana vinasomeka hata taa ya kioo ikiwa imezimwa.

Simu ya mAh 5,000 ina wati-saa 19 hivi. Ukiijaza mara moja kutoka kwenye pawabenki ya 10,000, pamoja na upotevu, umekula sehemu kubwa ya pawabenki. Mwenye GPS anayelalamika kwamba pawabenki haikutosha, mara nyingi iliyoimaliza ni simu yake.

Kama utabaki na simu: weka hali ya ndegeni (GPS ya simu inaendelea kufanya kazi kwa ramani ulizopakua), zima kioo na ukiwashe njia panda tu, acha sauti ikuelekeze. Barabara kuu ya Tanzam haina kona za kupotea, kutoka Chalinze mpaka Makambako huhitaji ramani iwake. Zile njia za ndani za Mufindi, kwenye mashamba ya chai na misitu ya misonobari, ndiko njia panda zinafuatana na zote zinafanana. Umeme wako utunzie huko.


#6 Fundi_Redio

Nimekuwa nasoma kimya, ila hapa kwenye dainamo ngoja niingie.

Wengi hapa tumekua na Phoenix zenye dainamo ile ya kusugua tairi. Vijana wanakuja kibandani wananiuliza, fundi, siwezi kuitumia ile ile nichaji GPS? Inawezekana. Lakini tafadhali msiunganishe chaja ya USB ya bodaboda moja kwa moja na dainamo.

Sababu ni mbili. Dainamo inatoa umeme unaogeuka upande, si kama wa betri. Unahitaji dayodi nne za kuunyoosha, na ziwe zile za Schottky, kwa sababu dayodi za kawaida kila moja inakula karibu volti 0.7 na umeme unapita mbili kwa wakati mmoja. Kwenye volti 6 hiyo ni hasara kubwa. Baada ya hapo kapasita ya kutuliza mawimbi, mikrofaradi 1,000 kwenda juu.

Sababu ya pili ndiyo inayochoma vitu. Volti 6 ni pale dainamo inapobeba mzigo wake, yaani taa. Mzigo ukiondoka na wewe unashuka mlima, volti zinapanda kwa kufuata mwendo, zinaweza kuvuka 30 bila shida. Chaja ya boda imeandikwa volti 12 hadi 24. GPS imejaa, imeacha kuvuta, unateremka mlima Sekenke kwa kilomita 50 kwa saa: chaja inakufa, na ikifa vibaya inapitisha volti zote kwenye GPS. Lazima uweke dayodi ya zena ya nguvu ya kuzuia volti zisipande, na kapasita iwe ya volti 63.

Kitu kizuri cha dainamo ni kwamba mkondo wake wenyewe unajizuia karibu nusu ampea, haijalishi umekimbia vipi. Kwa hiyo nyaya haziungui. Kinachoua ni volti.


#7 KijanaWaBuguruni

Fundi hapa umenifungua macho. Nilikuwa na mpango huo huo wa chaja ya boda.


#8 Mbongo_Leipzig

Salamu kutoka huku Ujerumani. Naongezea kwa alichosema Fundi, kwa sababu huku dainamo ni jambo la kila siku.

Mpaka 2013 sheria ya huku ililazimisha baiskeli ya kawaida kuwa na taa ya dainamo, ndipo wakaruhusu na za betri. Kwa hiyo kiwango cha volti 6, wati 3 kimejengeka sana, na habu za SON za hapa Ujerumani, za Shimano na za Shutter Precision za Taiwani zote zinakifuata. Vigeuzi vya USB unanunua vimekamilika, vikiwa na ulinzi wa volti ndani na gundi ya kuzuia maji. Bei si ndogo, sitaki kumdanganya mtu.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti: wati 3 ni za taa AU za kuchaji. Ukiwasha taa usiku na bado unataka kuchaji, taa inafifia au chaji haipandi. Mpango unaofanya kazi ni mchana kuchaji pawabenki, usiku dainamo yote iende kwenye taa na GPS ivute umeme kutoka kwenye pawabenki. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa unapata wati 2 na kitu baada ya upotevu. Saa 8 za mchana ni wati-saa 16, inatosha GPS ya saa 24 na simu kidogo.

Kwa wanaofikiria Paris-Brest-Paris ya 2027, ile brevet kubwa ya Ufaransa: ni kilomita 1,200, kikomo kirefu ni saa 90. Vituo vipo lakini soketi zina foleni, na ukisubiri simu ijae unapoteza usingizi. Jitegemee.


#9 MilimaElfu

Mimi ninajiandaa na Race Around Rwanda, kilomita elfu moja hivi, unaanzia Kigali na kuishia Kigali, hakuna gari la msaada. Nina habu ya dainamo tayari. Nikisoma hapa naanza kuogopa. Rwanda ni kupanda tu.


#10 Tanzam_Polepole

Ndugu, usiogope, ila badilisha matarajio. Kwa Rwanda dainamo ihesabu kuwa ni ya taa. Unapanda saa nzima kwa kilomita 8 kwa saa, unateremka dakika 10 kwa 45. Zile dakika 10 hazilipi ile saa, kwa sababu kama alivyosema Fundi mkondo unajizuia, huwezi kufidia kwa kukimbia. Taa yenyewe inawaka hata kwa mwendo mdogo ingawa inapepesa, na nyingi zina kapasita ndani inayoifanya iwake kidogo ukisimama.

Kwa GPS na simu ningebeba pawabenki mbili za 10,000 badala ya moja ya 20,000. Uzito karibu sawa, lakini moja ikilowa au ikigoma, unayo nyingine. Unaweza pia kuacha moja inachaji kwenye mgahawa huku nyingine inafanya kazi. Kama unasafiri kwa ndege kwenda Kigali, zote ziwe kwenye begi la mkononi. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100 kwa kila moja, na ya 20,000 ni 74, kwa hiyo upande wa ukubwa hupati shida.


#11 MzeeWaBetri

Vijana mmesahau mashine za betri za kubadilisha. Garmin eTrex kama 22x na 32x inatumia betri mbili za AA, hizi za saa ya ukutani. Mtengenezaji anasema saa 25. Zikiisha unaweka nyingine ndani ya dakika moja, hakuna waya, hakuna tundu la kuingia maji, na hata kijiji kisicho na umeme duka lina AA.

Ila za dukani kijijini wakati mwingine ni zile za bei ya chini kabisa na zinakwisha mapema. Nabeba nne za kuchajiwa, na kwenye mipangilio ya mashine nachagua aina ya betri, la sivyo inasoma vibaya kiwango kilichobaki, maana za kuchajiwa zina volti 1.2 na za kawaida 1.5.


#12 Tanzam_Polepole

Shikamoo mzee. Kwa mtu anayekwenda mbali na umeme kabisa, sijaona kitu cha kuishinda hiyo. Kioo ni kidogo na haina mbwembwe za mazoezi, lakini inafika.


#13 Turkana_Gravel

Habari zenu kutoka Kenya. Nataka kuongea juu ya sola kwa sababu upande wa Lodwar jua halikosi.

Kwetu karibu na ikweta paneli iliyolazwa bapa juu ya mzigo wa nyuma inafanya kazi vizuri kuanzia saa nne hadi saa tisa. Asubuhi na jioni jua liko chini na kivuli chako mwenyewe kinaikalia. Usihesabu wati zilizoandikwa kwenye paneli. Ya wati 10 ikikupa nusu ukiwa kwenye mwendo, shukuru.

Tatizo la huku ni joto. Betri za lithiamu zinachajiwa salama kati ya sentigredi 0 na 45. Pawabenki nyeusi ikikaa juani, au ikibanwa chini ya paneli, inapita hapo mapema sana na ile yenye akili inakataa kupokea. Paneli iko juani, jua ni kali, taa ya kuchaji haiwaki, na mtu anadhani waya umekatika. Nyosha waya, pawabenki iweke ndani ya mkoba wa fremu upande wa kivuli, mbali na maji ya kunywa. GPS nayo ni hivyo, ikiachwa inachaji juani mchana inaweza kusimamisha chaji yenyewe. Chaji jioni au alfajiri.

Kuna GPS zenye sola kwenye kioo, kama Garmin Edge 1040 Solar ya 2022. Mtengenezaji anataja saa 45 kwa matumizi makali na hadi 100 kwa hali ya kuokoa betri. Sola inasaidia, lakini kazi kubwa inafanywa na betri.


#14 MpimaMizani

Kuhusu pawabenki feki, maana sokoni zimejaa: ipime kwenye mizani. mAh 10,000 za kweli zina uzito wa gramu 180 hadi 240 hivi. Ukiuziwa ya 50,000 yenye gramu 250, rudisha. Soma pia maandishi madogo nyuma: zile za heshima zinaandika ujazo kwa wati-saa na ujazo halisi kwa volti 5, ambao kwa 10,000 huwa kama 6,000 na kitu. Isiyoandika wati-saa popote, mimi siinunui.


#15 DadaWaMafinga

Mkuu ulisema utarudi kwenye mambo ya waya na tundu. Tunasubiri. Mvua za huku mnazijua.


#16 Tanzam_Polepole

Kweli, dada, deni hilo.

Tundu la USB la GPS limefunikwa na kifuniko cha mpira. Kikiwa kimefungwa, mashine inavumilia mvua. Ukichomeka waya, kifuniko kiko wazi, na sasa una maji pamoja na volti 5 kwenye pini nyembamba kama unywele. Umeme ukipita kwenye maji unazila zile pini, zinageuka kijani, na siku moja mashine haipokei chaji tena. Wengi wanadhani betri imezeeka. Chungulia kwa tochi utaona.

Kwa hiyo mvua ikianza, chomoa na ufunge. Ndiyo faida ya kuchaji mapema kabla haijashuka chini: ukiwa na asilimia 80 unaweza kusubiri mvua iishe, ukiwa na 9 huwezi. Kama lazima uchaji kwenye mvua, kata kipande cha tyubu ya zamani sentimita 8 hivi, kivalishe kama soksi juu ya kichwa cha waya mpaka kikumbatie ukingo wa mashine, na upande wa tundu uelekee chini. Grisi ya silikoni kidogo kwenye ukingo inasaidia.

Kwa barabara ya vumbi adui ni mtikisiko. Kichwa kirefu kilichosimama kinafanya kazi ya wenzo, kila bonde linakikanyaga, tundu linalegea. Tafuta waya mfupi wenye kichwa cha kupinda, ufunge kwenye usukani kwa kamba ya plastiki sentimita chache kutoka kwenye tundu, uache mkunjo mdogo usiokaza, ili mtikisiko uishie kwenye kamba. Na waya uwe wa kuchaji tu, kwa sababu kuna mashine zikihisi nyaya za data zinadhani zimeunganishwa na kompyuta na zinaacha kurekodi safari. Beba waya wa akiba. Ni gramu 15 tu, na ndiyo kifaa kinachokufa mara nyingi kuliko vyote tulivyovitaja humu.


#17 MilimaElfu

Nimechungulia kwa tochi. Pini mbili zina kijani. Naweza kusafisha au ndiyo basi?


#18 Fundi_Redio

Kama bado inapokea chaji unaweza kuiokoa. Izime kabisa. Spiriti ya asilimia 90 au zaidi, mswaki laini au kijiti cha meno kilichozungushiwa pamba kidogo sana, sugua taratibu kwa kufuata urefu wa pini, usikwaruze kwa sindano. Iache ikauke saa kadhaa tundu likitazama chini, ndipo uchomeke. Ikigoma baada ya hapo, tundu linabadilishwa na mtu mwenye mashine ya hewa moto, lakini ukifungua mashine ule muhuri wa kuzuia maji hautarudi ulivyokuwa. Kwa hiyo fanya hilo sasa, usisubiri wiki ya kusafiri.